Makumbusho ya Copenhagen: fika Jumanne usiku, anza Jumatano

Mjomba wangu alitua Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, Jumapili usiku, na Jumatatu saa 4 asubuhi tulikuwa tumesimama mbele ya mlango wa jumba la makumbusho, manyunyu yakituingia shingoni. Mlango haukufunguka. Mjomba alikisoma kibao taratibu, herufi kwa herufi: Lukket. Akanigeukia. "Mpwa wangu, huyu Lukket ndiye mchoraji mwenyewe?"

Lukket maana yake ni "pamefungwa". Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu. Tangu siku ile kila mgeni anayeniambia anataka kuona sanaa ya mji huu namjibu neno moja kabla hajakata tiketi ya ndege: fika Jumanne usiku. Sababu utaiona hapa chini. Saa zote nimezihesabu kwa Kiswahili. Kibao cha mlangoni kikiandika 20, soma saa 2 usiku.

Hatua ya 1: Panga siku kabla ya kuchagua maonyesho

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Sasa hivi kuna maonyesho gani?" Anza kwa kuuliza ni lini milango inafunguliwa na ni lini inachelewa kufungwa. Jumatatu majumba mengi makubwa ya sanaa hufungwa. Katikati ya juma, baadhi huwa na usiku wao wa kuchelewa. Statens Museum for Kunst, jumba la sanaa la taifa ambalo wenyeji huliita SMK, hukaa wazi Jumatano hadi saa 2 usiku. Davids Samling, nyumba ya sanaa ya Kiislamu, nayo huchelewa Jumatano hiyo hiyo, na ziko karibu kiasi cha kutembea kwa miguu. Alhamisi ni zamu ya Glyptotek, jumba la sanamu na michoro. Louisiana, makumbusho ya sanaa ya kisasa iliyo nje ya mji, hufunga saa 4 usiku kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, ila Jumamosi na Jumapili hufunga saa 12 jioni na umati huwa mkubwa.

Ukizipanga hizo pamoja, safari inajitengeneza yenyewe: Jumatano SMK na Davids, Alhamisi Glyptotek na Makumbusho ya Taifa, Ijumaa pwani hadi Louisiana, Jumamosi boti ya bandarini. Jioni za kuchelewa ndizo tamu. Wanafunzi wa shule wameondoka, makundi ya watalii yako hotelini yanakula, na unaweza kusimama mbele ya mchoro mmoja dakika kumi bila mtu kukupumulia kisogoni.

Msimu nao uuangalie. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, na siku za Krismasi milango mingi hufungwa. Mwezi Juni mwanga unakaa hadi karibu saa 4 usiku, na bustani za makumbusho zinakuwa nusu ya starehe.

Hatua ya 2: Jua yanayoendelea wiki yako

Maonyesho ya muda hudumu miezi mitatu, minne, kisha yanateremshwa ukutani. Orodha iliyoandikwa mwaka jana haikusaidii kitu, hata kama imependeza. Ingia kwenye tovuti ya jumba lenyewe, na ukikuta ukurasa wa Kidenmaki maneno machache yatakutosha. Udstilling ni maonyesho. Særudstilling ni maonyesho maalum ya muda. Aktuelle ni yanayoendelea, kommende ni yanayokuja, tidligere ni yaliyopita. Åbningstider ni saa za kufunguliwa, na gratis ni bure. Ukiona til og med mbele ya tarehe, siku hiyo ndiyo ya mwisho na imo ndani ya hesabu.

Tazama tarehe ya mwisho kuliko ya kwanza. Wiki ya kufunga maonyesho yenye jina kubwa, wenyeji wote waliokuwa wakisema "nitakwenda kesho" wanakuja kwa pamoja. Halafu kuna mtego mwingine: kati ya maonyesho yanayoondoka na yanayoingia, kumbi hufungwa wiki kadhaa ili kuta zipakwe rangi na kazi mpya zitundikwe. Ukiona maonyesho yanaisha siku mbili kabla hujafika na mapya yanaanza wiki mbili baadaye, elewa kwamba utalipia jumba ambalo baadhi ya vyumba vyake vimefungwa.

Neno la mwisho la kujua ni fernisering, shughuli ya kufungua maonyesho. Katika nyumba ndogo za sanaa, kwa mfano zile za Kødbyen, mtaa uliokuwa wa machinjio na wauza nyama, shughuli hizi mara nyingi huwa wazi kwa yeyote. Unaingia, unaangalia, mwenye kazi yupo pale pale na unaweza kumuuliza.

Hatua ya 3: Pesa, kadi, treni

Denmark haitumii euro. Fedha ni kroner, na euro 1 ni takriban kroner 7.5. Noti utazitumia kwa shida. Kadi ya benki inapokelewa hata kwenye kibanda cha soseji. Kiingilio cha majumba makubwa kwa mtu mzima ni kiasi cha kroner 100 hadi 160, na maonyesho maalum yanaweza kupandisha bei. Walio chini ya miaka 18 huingia bure SMK, Louisiana, Glyptotek na Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo familia yenye watoto watatu hulipia wazazi tu. Mwanafunzi atoe kitambulisho.

Wageni huuziwa kadi iitwayo Copenhagen Card, inayojumuisha viingilio vingi na usafiri. Inalipa kwa mtu anayekimbia kutoka mlango hadi mlango. Mimi sikushauri kukimbia. Kwa mpango wa jumba moja au mawili kwa siku, piga hesabu kwa karatasi kwanza. Mara nyingi City Pass, tiketi ya usafiri peke yake, pamoja na viingilio vya mlangoni huwa nafuu. City Pass Small inakutosha mjini na uwanja wa ndege, treni, metro, basi na boti za bandarini zikiwemo. City Pass Large inafika hadi Helsingør, mji wa pwani upande wa kaskazini, kwa hiyo inunue kwa ajili ya Ijumaa. Kutoka uwanja wa ndege panda metro M2; robo saa hivi upo Nørreport, katikati ya mji.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, na maombi yake ayaanze miezi kabla, si wiki. Anayeishi Malmö, ng'ambo ya daraja la Øresund, anavuka kwa treni chini ya saa moja, lakini aje na pasipoti au kitambulisho kwani ukaguzi huweza kuwepo.

Ukifika mlangoni popote pale, begi la mgongoni halipiti. Utaonyeshwa makabati ya kuhifadhia mizigo; mengine yanataka sarafu ya kroner 20 ambayo hurudi ukifungua, mengine ni ya namba ya siri. Piga picha namba ya kabati lako. Ndani, kupiga picha bila mwako kwa kawaida kunaruhusiwa. Chupa ya maji ijaze bombani, maji ni salama, na chakula cha mkahawa wa makumbusho ni ghali. Beba mkate wako uliowekwa kitu ndani, ukale bustanini.

Hatua ya 4: Jumatano, kutoka kwa Matisse hadi kwenye sahani zenye maneno

Anza SMK, Sølvgade, mwendo mfupi kutoka Nørreport. Jengo la mbele ni la msanifu Vilhelm Dahlerup, lilifunguliwa 1896. Nyuma yake wameongeza jengo jeupe la kioo mwaka 1998. Kuna mambo ya kukaa nayo siku mbili, kwa hiyo chagua. Nenda kwenye mkusanyo wa Wafaransa ukamwone mke wa Matisse, picha ya 1905, mstari wa kijani umeshuka katikati ya uso wake kana kwamba mchoraji alitaka kumgawa. Kisha tafuta vyumba alivyovichora Mdenmaki Vilhelm Hammershøi. Vyumba vitupu, mlango uko nusu wazi, mwanamke amekupa mgongo. Mjomba alitazama muda mrefu akasema, "Nyumba ya watu waliogombana asubuhi."

Kisha uliza mezani kuhusu picha za wajumbe wa Kongo. Michoro huzungushwa, inapumzishwa, inarudishwa, ndiyo maana nasema uliza. Ni picha tatu za miaka ya 1640. Ya kwanza ni ya Dom Miguel de Castro, mjumbe aliyetumwa kutoka Soyo, katika ufalme wa Kongo, akafika Brazili iliyokuwa mikononi mwa Waholanzi kisha Uholanzi yenyewe mwaka 1643. Amevaa kofia pana na nguo ya kibwanyenye ya Kizungu, na jicho lake halikuombi chochote. Picha nyingine mbili ni za watumishi wake, Diego Bemba na Pedro Sunda. Mmoja ameshika kasha lililopambwa, mwingine ameshika pembe ya ndovu. Wachoraji wa Ulaya wa karne ile waliwachora Waafrika mara nyingi pembezoni mwa picha za watu wengine, wakibeba sinia. Hawa wamechorwa kila mmoja peke yake, kwa majina yao, na majina yamebaki. Usipowakuta ukutani, tafuta majina hayo kwenye SMK Open, hazina ya picha ya jumba hilo mtandaoni. Inafunguka bure na unaweza kuikuza hadi uone vifungo vya koti.

Jioni ikikaribia, katiza bustani ya Kongens Have hadi Kronprinsessegade 30. Hapa ni Davids Samling, na hapa hulipi kitu. Wakili C. L. David, aliyefariki 1960, aliacha nyumba yake na mkusanyo wake, na leo humo mna mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya sanaa ya Kiislamu katika Ulaya ya Kaskazini: kurasa za misahafu, vigae, mazulia, sarafu, mapambo ya plasta yaliyochongwa. Nashangaa kila mara jinsi wageni wengi wanavyopita nje yake wakienda kupanga foleni kwingine.

Nitakuonyesha kitu kimoja tu. Tafuta vyombo vya udongo vya karne ya 10, vya Iran ya mashariki na Asia ya Kati. Ni sahani nyeupe, na ukingoni mwake pamezunguka maandishi meusi ya Kikufi, herufi zimerefushwa hadi zinafanana na uzio. Unadhani ni aya. Mara nyingi si aya; ni semi, kuhusu ukarimu, subira au elimu, au dua kwa mwenye sahani. Yaani miaka elfu moja iliyopita mtu alimwekea mgeni chakula juu ya jina la khanga. Mgeni akila anafunua maneno kidogo kidogo. Shangazi yangu wa Tanga, nilipompigia simu ya video nikamwonyesha, hakuona ajabu. "Sisi tunafunga kiunoni, wao wanalia wali. Kuna tofauti gani?"

Vyumba vina mwanga hafifu kwa ajili ya kulinda vitambaa na karatasi. Yape macho yako dakika mbili yazoee.

Hatua ya 5: Alhamisi, pesa za bia

Asubuhi Makumbusho ya Taifa, Nationalmuseet. Hili si jumba la sanaa peke yake, na ukijaribu kuliona lote utatoka na maumivu ya mgongo. Vitu vitatu vinatosha. Gari la Jua, farasi wa shaba akivuta sahani ya dhahabu, lilipatikana Trundholm mwaka 1902 na lina umri wa kiasi cha miaka 3,400. Ni dogo kuliko unavyolitarajia. Bakuli la fedha la Gundestrup. Halafu michoro mirefu ya Albert Eckhout, aliyoichora Brazili miaka ya 1640 na ikafika kwa mfalme wa Denmark mwaka 1654 kama zawadi. Mmoja unamwonyesha mwanamke wa Kiafrika na mwanawe, kapu la matunda mkononi, mtoto ameshika gunzi la mahindi. Ulinganishe na mjumbe wa jana, aliyeandikwa jina. Huyu hana.

Pumzika, kisha saa 9 au 10 alasiri vuka kwenda Glyptotek, karibu na bustani ya Tivoli. Carl Jacobsen, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia cha Carlsberg na yeye mwenyewe mtengeneza bia, ndiye aliyekusanya vitu hivi na kuupa mji. Unapoingia unakutana na bustani ya ndani chini ya kuba la kioo, mitende imesimama, unyevu kama wa Pangani baada ya mvua. Mgeni wangu mmoja kutoka pwani alicheka kwamba amelipa kroner zaidi ya mia kuja kuona miti aliyoiacha uani kwao. Mwezi Februari hutacheka. Utakaa pale na koti umelivua.

Vichwa vya Warumi ndivyo vinavyonirudisha. Safu kwa safu za sura za watu wa kweli: mwenye pua iliyovunjika, mwenye kidevu cha ubahili, bibi aliyekunja nywele kwa gharama. Tafuta kichwa cha kaisari Kaligula, ambacho bado kina mabaki ya rangi. Marumaru hizi hazikuwa nyeupe. Zilipakwa rangi za ngozi, midomo na nywele, na wataalamu wa jumba hili wamefanya kazi kubwa kuzifuatilia rangi hizo. Ghorofani kuna kazi za mchoraji Mfaransa Gauguin kwa wingi. Mkewe, Mette Gad, alikuwa Mdenmaki, na yeye mwenyewe aliwahi kuishi mjini hapa bila mafanikio.

Thorvaldsens Museum iko jirani, ilifunguliwa 1848, na mchongaji Thorvaldsen mwenyewe amezikwa uani. Nzuri kwa nusu saa ukibakiwa na miguu.

Hatua ya 6: Ijumaa, treni ya pwani

Hii ndiyo siku ambayo Mswahili hapaswi kuikosa. Panda treni ya Kystbanen inayoelekea Helsingør, kaa upande wa kulia ili uone bahari, shuka Rungsted Kyst. Tembea kama robo saa hadi Rungstedlund, nyumba ya mwandishi Karen Blixen. Alizaliwa hapa 1885, akafunga ndoa Mombasa Januari 1914, akaishi chini ya vilima vya Ngong hadi 1931 shamba la kahawa liliposhindwa, akarudi nyumba hii ya mama yake na kuandika vitabu vilivyompa umaarufu. Nyumba yake ya Kenya nayo ni makumbusho, na mtaa ulioota kando yake unaitwa Karen.

Nenda ukiwa macho. Utaona vitu vilivyosafiri kutoka Kenya, na utaona kwamba alikuwa mchoraji: nyuso za Wakikuyu, zimechorwa kwa uangalifu ambao wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Utaona pia nyumba iliyojaa majonzi ya kupoteza shamba, wakati waliokuwa na ardhi ile kabla yake walikuwa wameitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya ardhi. Mambo yote mawili yamo ndani ya chumba kimoja. Mjomba, ambaye babu yake alivuna kahawa ya mtu mwingine, aliitazama picha ya msichana wa Kikuyu, akatikisa kichwa: "Amemchora vizuri. Alimlipa?" Sikuwa na jibu. Nyuma kuna bustani inayotunzwa kwa ajili ya ndege, na chini ya mti mkubwa kuna kaburi lake, jiwe limelala bure bila madoido. Majira ya baridi saa za kufunguliwa hupungua, hakikisha kabla.

Rudi kituoni, panda treni ile ile vituo vitatu zaidi, Humlebæk. Dakika kumi kwa miguu unafika Louisiana. Jina halihusiani na jimbo la Marekani: mwenye jumba la zamani alioa wanawake watatu kwa nyakati tofauti, na wote waliitwa Louise. Knud W. Jensen alilifungua kuwa makumbusho 1958, na wasanifu Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert waliongeza vyumba vya chini chini, vya mbao na kioo, vinavyofuata mteremko wa bustani hadi baharini.

Hapa huwa kuna maonyesho kadhaa ya muda kwa wakati mmoja. Anza na yale yenye jina kubwa, kwa sababu chumba chake kitajaa. Kisha fuata ukumbi wa kioo hadi kwa mchongaji Giacometti: watu wa shaba waliokonda kama kijiti cha kusugulia meno, nyuma yao dirisha zima na maji ya ziwa. Kwa msanii wa Kijapani Yayoi Kusama kuna chumba kidogo cha vioo, maji sakafuni na taa ndogo zinazoning'inia na kubadili rangi. Wanaingiza wachache kwa zamu. Weka simu mfukoni, zamu yako ni fupi. Wenye watoto waende kwenye jengo la watoto, ambako wanapewa rangi na udongo.

Jua likishuka toka nje, kwenye uwanja wa sanamu za Calder zinazozungushwa na upepo. Ng'ambo ya maji unaona Sweden. Ukiwa na nguvu bado, treni inaendelea hadi Helsingør kwenye makumbusho ya mabaharia yaliyojengwa kuzunguka gudi la zamani, ila hayo yanataka siku yao.

Hatua ya 7: Jumamosi, boti

Shuka Nyhavn upande boti ya bandarini, ile ya njano, kuelekea Refshaleøen. Ni usafiri wa umma, City Pass yako inatosha, usimlipe wakala wa watalii kwa safari hiyo hiyo. Kulia utaiona opera, kushoto upande wa makasri. Refshaleøen palikuwa na kiwanda cha meli cha Burmeister & Wain, waliounda Selandia mwaka 1912, mojawapo ya meli kubwa za kwanza kuvuka bahari kwa injini ya dizeli. Kiwanda kilifilisika 1996. Ukumbi wa kuchomelea vyuma sasa ni Copenhagen Contemporary, na ukubwa wake unaruhusu kazi ambazo hazipiti mlango wa jumba lingine lolote: unaingia ndani ya kazi, unapanda juu yake, unalala chini kuitazama. Vaa viatu unavyoweza kuvua kwa urahisi, kazi nyingine zinataka hivyo, na soksi zisiwe na matundu. Ukumbi ni baridi.

Majira ya joto chakula cha mchana kipo hapo hapo kwa wauzaji wa vibanda. Kurudi, boti za alasiri hujaa siku yenye jua na nahodha haongezi mtu, kwa hiyo panga foleni mapema. Ukiachwa, basi 2A linaondoka jirani na hapo na kukurudisha mjini.